Marehemu wa Laki Nne

Benchi lile halikununuliwa dukani. Lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya kreti tatu za soda, kwenye kibaraza cha kinyozi, na wenyewe walikuwa wanne. Wa kwanza alikuwa kinyozi, aliyeitwa Kifungu kwa sababu aliwahi kumnyoa hakimu mara moja, na tangu siku hiyo hakuna jambo duniani asilolijua kifungu chake cha sheria. Wa pili Mzee Faili, mstaafu aliyekuwa tarishi wa ofisi, miaka thelathini akibeba mafaili asiyoruhusiwa kuyafungua. Wa tatu Chaja, fundi wa simu, mwenye meza yake ndogo ya kioo pembeni na maneno yasiyoishiwa moto. Wa nne alikuwa fundi cherehani. Huyu zamani alikuwa na jina la utani, lakini siku hizi watu walimwita Fundi tu, kwa upole, kama anavyoitwa mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Kahawa ilikuwa ya Mama Birika, aliyekaa kwenye kigoda mbele yao na jiko la mkaa miguuni. Asubuhi hiyo, saa nne, alimmiminia Fundi kikombe cha pili kabla hajamaliza cha kwanza, wala hakutaja hela. Fundi aliliona hilo. Mtu mwenye deni huona mambo madogo.

Mkononi alikuwa na kaptura ya shule, akiipiga pindo kwa mkono, kwa kuwa cherehani yake haikuwa dukani kwake. Ilikuwa ndani kwa Kifungu, kwenye kiti cha pili, imefunikwa shuka jeupe la kunyolea mpaka shingoni, na juu yake imevishwa kofia. Siku tatu sasa wateja walikuwa wakichungulia, wakaona kuna mtu mbele yao, wakageuka. Jana mmoja alikuwa ameisalimia.

— Isome tena, Mzee, alisema Kifungu.

— Tumeisoma mara mbili.

— Hukumu husomwa mara tatu. Ya kwanza kwa macho, ya pili kwa akili, ya tatu kwa kifungu.

Mzee Faili akavaa miwani, akainyoosha karatasi ya mahakama juu ya goti.

— "Mdai alifika. Mdaiwa hakufika. Mjumbe wa mahakama ameapa kwamba alimfuata mdaiwa mara tatu kwenye kibaraza cha kinyozi ili kumpa samansi. Mara ya kwanza majirani walimwambia mdaiwa amesafiri. Mara ya pili walimwambia amefariki. Mara ya tatu walimwambia hakuna mtu kama huyo na hajawahi kuwapo. Mahakama imejiuliza mtu ambaye hajawahi kuwapo amewezaje kusafiri, na akapata wapi nafasi ya kufa."

Mkaa ulilia jikoni.

— Nani alisema nimesafiri? Fundi aliuliza bila kuinua uso.

— Mimi, alisema Mzee Faili. Na nilisema vizuri. Mtu akisafiri, faili linasubiri. Nimewahi kuona faili likisubiri mpaka panya wakazaa ndani yake.

— Na aliyeniua?

Chaja akajikuna kisogo.

— Mimi, kaka. Sasa ningejuaje kama Mzee ameshakusafirisha? Ningekuulia huko huko safarini.

— Na hajawahi kuwapo, hiyo ya nani?

— Hiyo ni sheria, alisema Kifungu. Mtu asiyekuwapo hashitakiwi. Kosa ni lenu nyinyi wawili, hamkuniuliza mapema. Umoja ni nguvu.

— Na samansi waliyoibandika mlangoni kwangu?

— Tulitundika kalenda juu yake. Mahakama haioni kilicho chini ya kalenda.

— Soma mwisho, Mzee, alisema Fundi.

— "Mdaiwa alipe laki nne pamoja na gharama za kesi ndani ya siku kumi na nne. Asipolipa, dalali wa mahakama atakamata mali yake."

— Leo ya ngapi?

— Ya kumi na mbili.

Laki nne zile Fundi hakuzinywea wala kuzivalia. Mkewe alipojifungua mtoto wa mwisho kwa upasuaji, hospitali ilitaka pesa, haikutaka hadithi. Mama Vitambaa, mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili, alifungua droo, akahesabu, akamwambia, "Nenda, baba, utarudisha ukipata. Miezi sita si itatosha?" Haikutosha. Kwanza Fundi alikuwa akiingia dukani kuomba radhi. Kisha akawa anapita na kupunga mkono tu. Kisha akaacha kupita. Mtu humkimbia anayemdai kwa miguu miwili, ule wa umaskini na ule wa aibu, na wa aibu ndio wenye mbio.

— Mimi ningekwenda kumwona yule mama, alisema Mama Birika.

— Kwa uso gani, dada?

— Huo huo. Kwani una mwingine?

Kifungu alicheka, akaacha. Fundi aliivuta sindano.

— Cherehani ile nimeidunduliza miaka mitatu. Wakiichukua, nitalipa na nini? Watoto watakula nini, uzi?

— Hawaichukui, alisema Kifungu. Dalali anakamata mali, hakamati mteja. Yule aliyekaa mle ndani ni mteja wangu. Nikimwona dalali anakuja, nampaka povu.

— Utaipaka povu cherehani?

— Kidevuni tu.

— Dawa ya deni kulipa, alisema Mama Birika, akipuliza moto.

— Sawa, alisema Kifungu, lakini dawa ina kipimo chake. Ukinywa chupa nzima kwa mara moja unakufa. Wahenga walitaka tulipe kwa kijiko.

— Hata hicho kijiko hajakitoa.

Mzee Faili alikohoa kuomba nafasi.

— Mimi naona dawa ni kulipoteza faili. Pale masjala nina mtu wangu. Hukumu bila faili ni kama mguu bila kiatu.

— Yupo bado? aliuliza Fundi, na moyo wake ukaruka kidogo.

— Alistaafu kabla yangu.

— Sasa?

— Basi, nasema tu. Alikuwa anajua kupoteza.

Chaja aliiacha simu aliyokuwa ameifungua matumbo.

— Nyote mnamzungusha mtu. Sikiliza, kaka. Niuzie mimi cherehani. Mimi namuuzia Mzee. Mzee anamuuzia Kifungu. Kifungu anakuuzia wewe. Dalali akija anakuta mali imepita mikono minne, kichwa kinamuuma, anaondoka.

— Na mwisho itakuwa ya nani?

— Yako.

— Basi si ataikamata?

Chaja akafikiri.

— Tunaizungusha tena.

Hapo ndipo simu ya Fundi ilipolia. Ilikuwa juu ya ubao, katikati ya vikombe, na jina liliandikwa wazi kwenye kioo: Mama Vitambaa. Wote wanne waliitazama kama nge.

— Usipokee, alisema Kifungu. Ukipokea umekiri.

Ikalia mpaka ikachoka. Ikaanza upya, ikachoka. Mara ya tatu, Chaja, ambaye mkono wake haukuweza kustahimili simu inayolia, aliinyakua.

— Haloo. Hapana, mama, siye yeye. Mwenye simu... Akamtazama Fundi, akatazama mbingu. Mwenye simu hatunaye tena.

Sindano ilimwanguka Fundi.

— Leo, mama. Alfajiri. Ndiyo. Chaja akaiziba simu kwa kiganja. Anauliza kwa ugonjwa gani.

— Presha, alinong'ona Kifungu.

— Mapafu, alinong'ona Mzee Faili kwa wakati mmoja.

— Presha ya mapafu, mama, alisema Chaja.

Kisha alikaa akisikiliza. Kicheko kilichokuwa kimemjaa mashavuni kilishuka polepole, mpaka uso wake ukabaki kama wa mtoto aliyevunja kitu cha wageni. Akaikata simu, akairudisha juu ya ubao, taratibu, kifudifudi.

— Kasema nini? aliuliza Kifungu.

— Hajasema. Analia.

Mama Birika alikuwa ameshika kifuniko cha birika hewani, na hakukumbuka kukirudisha.

— Mmemliza mtu mzima, alisema.

— Nilidhani atakasirika, alisema Chaja. Nilijiandaa kwa hasira. Sikujiandaa kwa kilio.

Kifungu ndiye aliyepata pumzi kwanza, maana kinyozi hawezi kukaa na kimya, kinampotezea wateja.

— Tusilie, tufikiri. Kisheria kuna faida hapa. Mtu akifa, na hukumu yake inakufa.

— Haifi, alisema Mzee Faili. Marehemu hasumbuliwi, wanasumbuliwa warithi. Faili ni lile lile, linabadilishwa jalada tu.

— Warithi wangu, alisema Fundi, ni mke wangu na watoto watatu. Kwa hiyo mmenitua deni mimi mkamtwisha mtoto ambaye hata kandambili hajajua kuvaa.

— Ngoja kwanza, alisema Chaja, ambaye majuto hayakumkaa zaidi ya dakika mbili. Wahenga walisemaje? Kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi Fundi alishakula. Kilichobaki ni nini? Matanga. Tukimfanyia matanga yake sawasawa, kwa hesabu ya wahenga deni limelipwa.

— Hicho kifungu nimekikubali, alisema Kifungu.

— Watu watachanga rambirambi. Rambirambi zikifika laki nne, tunampelekea Mama Vitambaa. Marehemu anafufuka hana deni. Nani ameumia?

— Na tutazika nini? aliuliza Mama Birika, ambaye hakutaka kucheka, lakini mdomo ulikuwa umeshaanza kumsaliti.

Wote waligeuka wakachungulia ndani. Cherehani ilikuwa imekaa kwenye kiti chake, shuka jeupe, kofia imeinama kidogo upande, imetulia sana.

— Shuka lipo tayari, alisema Chaja.

— Na hakuna dalali anayefukua kaburi, alisema Kifungu. Hata akiwa na barua ya hakimu. Tunaizika mwezi mmoja, mambo yakipoa tunaitoa.

— Itashika kutu, alisema Fundi.

Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. Hata yeye walikuwa wamemwingiza katika mazishi hayo.

— Tutaipaka mafuta kwanza. Maiti gani haioshwi?

Mzee Faili alikuwa amekwisha toa daftari mfukoni, maana kwake jambo lisiloandikwa halijatokea. Aliandika juu, kwa mwandiko wa kujipinda: KAMATI YA MAZISHI YA FUNDI. Akachora mistari kwa ukingo wa kalenda ya mfukoni.

— Mwenyekiti ni mimi, kwa umri. Katibu ni mimi, kwa kalamu. Mweka hazina?

— Mama Birika, alisema Kifungu. Nyinyi wengine siwaamini hata na sukari.

— Natoa mfano, alisema Mzee Faili. Akaandika jina lake, akachomoa elfu mbili kutoka kwenye soksi, akaiweka chini ya kisahani.

— Elfu tano, alisema Kifungu. Ni za kodi ya chumba, lakini mwenye nyumba naye ni binadamu, ataambiwa kuna msiba.

Chaja alitoa elfu tatu na mia tano, za mteja aliyekuwa amelipia kioo cha simu mapema. Mama Birika alifungua fundo la kanga, akaweka elfu moja, akafunga tena haraka kabla mtu hajaiona. Fundi aliiona. Aliziona zote. Mazishi yalikuwa ya mzaha, lakini noti zilikuwa za kweli, na watu wenyewe hawakuonekana kama wanaujua huo mpaka. Akajifanya anatafuta sindano chini.

— Elfu kumi na moja na mia tano, alisema Mzee Faili. Laki nne haiko mbali.

— Ukiitazama kwa jicho moja, alisema Mama Birika.

Walikuwa wakibishana kama marehemu naye anaruhusiwa kuchangia, pale msichana mmoja alipotokea kutoka upande wa mtaa wa pili. Alikuwa wa miaka kumi na tisa hivi, kanga mabegani, miguuni ana malapa ya ndani kama mtu aliyetoka nyumbani bila kujiangalia. Bahasha ya kaki alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Akasimama kando ya kibaraza, akainama kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu.

— Samahanini. Msiba wa fundi cherehani uko wapi?

Kifungu alimtazama Mzee Faili. Mzee Faili alilifunga daftari. Chaja alichukua bisibisi akaanza kuchokoa simu ambayo ilikuwa imeshapona.

— Msiba upo, alisema Chaja mwishowe.

— Najua upo, kaka. Nauliza uko wapi.

— Uko... unakuja.

Msichana hakuelewa, na hakuwa na nguvu ya kuelewa. Macho yake yalikuwa mekundu. Mama Birika alimsogezea kigoda chake mwenyewe, akamshika bega akamkalisha.

— Mimi ni mtoto wa Mama Vitambaa. Mama angekuja mwenyewe, lakini miguu imemwishia nguvu. Amefunga duka, amelala juu ya marobota. Amenituma kwa mke wa marehemu. Amesema nimwambie deni limekwisha, asilale na mawazo. Kesho asubuhi anakwenda mahakamani kuifuta kesi. Na kwenye bahasha hii kuna rambirambi. Akiba yake, alikuwa anaiwekea mlango mpya wa duka.

Msichana aliiweka bahasha magotini, akaendelea.

— Kinachomuumiza ni kwamba leo alikuwa anapiga simu kumwambia marehemu alete kidogo kidogo, hata elfu tano tano. Au amshonee mapazia ya kuuza, wakatane humo humo. Alisema anaona haya kumpelekea mtu dalali. Alikwenda mahakamani kwa sababu fundi aliacha hata kumsalimia, ikamuuma. Sasa anasema ile hukumu ndiyo iliyompandisha presha. Anasema amemuua.

Fundi aliusikia mguu wa Kifungu ukikanyaga wake chini ya ubao, kwa nguvu. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Kifungu alikuwa na ushauri mzuri kisheria, na ulikuwa mfupi: kaa kimya. Msichana yule hakumjua sura. Deni limefutwa. Cherehani imepona. Alichotakiwa kufanya ni kubaki maiti mpaka kesho saa tatu, mahakama ikifungua. Watu wamewahi kufanya makubwa zaidi kwa laki nne.

Lakini mtaa wa pili kulikuwa na mwanamke amelala juu ya marobota ya vitambaa akiamini ameua mtu. Mwanamke aliyefungua droo siku ile bila kuuliza mara mbili.

Fundi alikata uzi kwa meno. Aliichomeka sindano kwenye ukosi wa shati, akaikunja kaptura, akasimama.

— Msiba uko hapa hapa, mwanangu, alisema. Mimi ndiye marehemu.

Msichana alimtazama kuanzia utosini hadi miguuni. Kisha akawatazama wengine, mmoja mmoja. Chaja aliinua mkono kama mwanafunzi aliyeulizwa nani kapiga kelele.

— Simu nilipokea mimi, dada. Nisamehe. Nilikuwa najifanya mjanja.

— Hukufa? msichana alimuuliza Fundi.

— Sikufa. Nina deni tu.

Mama Birika alimshika msichana kiwiko, akamsaidia kuinuka. Kilio na kicheko viligombania uso wake, na kwa muda hakuna kilichoshinda.

— Na deni? alisema.

— Lipo. Usimwambie mama alifute. Nitalibeba mwenyewe nikiwa hai, kwa hizo elfu tano tano na hayo mapazia, kama bado ananitaka.

Kifungu aliuondoa mguu wake. Aliinama akachukua noti zilizokuwa chini ya kisahani, akazinyoosha, akazitia kwenye mfuko wa shati la Fundi bila kusema kifungu chochote.

Msichana alikuwa bado amesimama, akiigeuzageuza bahasha.

— Mama alisema nisirudi nayo, alisema. Sasa hii rambirambi nimpe nani?

Mzee Faili alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na swali likawa bado pale pale. Chaja alimtazama Mama Birika, na Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Lilitoa tone moja na mashapo ya kahawa.

Fundi alikuwa amekwisha vaa viatu.

— Njoo nayo, alisema. Twende tukamuulize mwenyewe.